Taa Isiyo Mbea

Nilipanda ngazi za jumba la Michenzani
na bunda la waya begani,
balbu arubaini na mbili ndani ya pakacha
maana boksi lao lilirowa na mvua ya vuli.

Kamati ya ngazi ilikuwa imechoka.
Mchango wa tukuza ukimalizika kabla ya tarehe kumi,
taa zikiwaka mchana kutwa,
kila mmoja akisema: kuzima si zamu yangu.
Nikawaambia, nitazifundisha taa kusemezana.
Ya chini ikimwona mtu itaiambia ya juu,
nayo iamke kabla mguu haujafika;
akishapita, zilale nyuma yake moja moja.

Wakacheka. Kisha wakachanga.

Miezi minne mezani kwangu, Kikwajuni:
redio mbovu tatu, matumbo ya simu za zamani,
moshi wa risasi ya kulehemu,
na mke wangu Zuwena kila akipita:
"Mgonjwa kaamkaje?"

Kila taa nikaitilia jicho, dogo kama punje ya uwatu.
Mafundi tunaliita sensa.
Bi Mize wa ghorofa ya nne akakunja uso:
"Sensa si imeshapita? Walituhesabu,
wakatuandikia chaki mlangoni.
Hii yako wewe inamhesabu nani?"

Nilicheka. Swali likabaki ngazini.

Naye akataka ya chumbani. Usiku wa kwanza tu:
"Fundi, taa yako haina adabu.
Nimerefusha sijida, ikanizima.
Kwake yeye, asiyetikisika hayupo.
Mimi mwenye nyumba nipunge mkono gizani
niithibitishie balbu kuwa ningali hai?"

Kweli. Nikaifundisha kupiga hodi:
ififie kidogo, ingoje,
ififie tena, ingoje,
na ya tatu, kama hapana jawabu, iende zake
kama mgeni mwenye haya.

Lakini taa zote zilikuwa zikimwambia mmoja,
kisanduku kilicho chini ya ngazi,
nacho kikiiambia simu yangu.
Niliifungua kutafuta hitilafu, nikakuta watu.
Huyu huamka saa tisa za usiku, hakosi.
Kule, washa zima, washa zima, hadi alfajiri:
jino la mtoto, au ugomvi.
Na mmoja hushuka baada ya isha, hupanda kabla ya adhana,
viatu mkononi, nadhani,
ila jicho langu halisikii viatu.
Sikuhadithiwa na mtu. Nilijua tu,
na kwenye ngazi nikaanza kuwaamkia watu
nikitazama chini.

Akaja Pandu, mshika fedha wa kamati:
"Nipe hizo hesabu. Apitaye sana achange zaidi."
Kisha sauti ikashuka:
"Na mwanangu Raya, hurudi saa ngapi?"

Simu mfukoni ikaniunguza kama kaa la chetezo.

Usiku ule nilikaa chini ya ngazi,
kompyuta juu ya ndoo ya rangi,
nikaandika amri fupi kuliko zote: sahau.
Mtu akishapita, taa ikishalala, isahau.
Kisanduku kijue yuniti, basi,
mfano wa sufuria: yajua wali uliopikwa,
haijui nani kala.

Pandu akarudi. Nikamwambia
mtambo umeingia maradhi ya kusahau.
"Utautengeneza?"
"Inshallah," nikasema,
ile inshallah ya kwetu
ambayo kila mtu anaielewa.

Bi Mize ananambia, taa yake ikipiga hodi
naye yumo kwenye tahiyatu,
huinua kidole cha shahada, ikakaa.

Sina ushahidi.
Kisanduku hakikumbuki.